Godoro la upepo la kuzuia vidonda, miezi mitano na mama yetu (riviu ndefu, vumilieni)

Naanza na nyota ili mwenye haraka aende zake: nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya alieniuzia, godoro lenyewe halina kosa kubwa, ntaeleza huko mbele, na mnisamehe kwa urefu maana mie siwezi kulielezea hili godoro bila kumuelezea mama.

Mama alikua na saratani ya titi. Akafanyiwa operesheni, akaenda Dar kwenye mionzi Ocean Road, akarudi Tanga nywele zikaota tena tukasema alhamdulillah tumevuka. Miaka miwili haijaisha mgongo ukaanza kumuuma, sie tukasema uzee huo, ndoo za maji hizo, tukawa tunamchua na mafuta ya nazi yaliyopikwa na karafuu, kumbe ugonjwa umeshahamia kwenye uti wa mgongo. Siku hiyo nyumbani Ngamiani kaamka alfajiri anataka kwenda kutawadha, miguu haimbebi. Ndo ikawa basi. Hospitali ya Bombo wakampiga picha, wakatuita mie na kaka pembeni wakatuambia mrudisheni nyumbani mumtunze, tutawapa dawa asiumie. Maneno hayo hata uyafunge kwenye pamba mtu anayaelewa.

Sasa mtu asiehisi miguu wala makalio halali kama tunavyolala sie. Wewe usingizini unajigeuza usiku kucha mara kumi bila kujijua, yeye hajigeuzi, pale mfupa unapogandamiza godoro damu haipiti, nyama inakufa taratibu na yeye hasikii chochote, siku mnagundua ni shimo. Nesi wa tiba shufaa (ile ya kumtuliza mgonjwa asiumie) aliekua anakuja kumuangalia ndo alotutajia godoro la upepo. Mie nilikua sijawahi kulisikia, nilijua magodoro ya upepo ni yale ya watoto kuogelea Raskazone.

Nikaenda mjini duka moja la vifaa tiba (silitaji, wenyewe watajijua). Shilingi 210,000 baada ya kubembeleza sana. Muuzaji kijana ana maneno matamu huyo, akaniambia "dada hili ukishamlaza mgonjwa humgeuzi tena, lenyewe ndo linamgeuza, wewe unaenda kwenye shughuli zako." Shikeni hapo kwenye "humgeuzi tena", ndo nyota yangu moja ilipozikwa.

Kwa wasiolijua: ni kama shuka nene la plastiki lenye vinundu vya upepo safu kwa safu, ukilitazama ni trei ya mayai iliyotiwa pumzi. Kuna na kipampu kidogo saizi ya redio kinaning'inizwa miguuni mwa kitanda kwa kulabu zake mbili, kinatoa mipira miwili inaingia kwenye godoro. Vinundu ni makundi mawili, kundi moja likijaa lingine linanywea, baada ya kama dakika kumi vinabadilishana zamu, kwa hiyo mgonjwa hakai amegandamizwa pale pale. Linatandikwa juu ya godoro la kawaida, sio badala yake, nasisitiza hili kwa sababu kaka alishaanza kulitoa la inchi sita apeleke chumbani kwake.

Mama kalitazama, kalibonyeza na kidole, kasema "mmenilaza kwenye trei ya mayai, mwangoja nitotoe?"

Hapo tulikua hatujacheka humo ndani kama wiki tatu hivi.

Usiku wa kwanza kile kipampu kikaanza kazi. Hakina kelele ya kukera, ni mngurumo wa chinichini unapanda kidogo, unatulia, unapanda tena. Mie nimelala chini kwenye mkeka. Saa saba ya usiku nasikia naitwa taratibu, "weye, umesikia?" Nikamuuliza nini mama. "Baba yako karudi." Mwili wote ukanisisimka, nikajua tayari, si mnajua wazee wanasema mgonjwa akifika mahali anaanza kuongea na waliotangulia. Nikapapasa swichi huku nasoma Ayatul Kursiyyu, taa inawaka namkuta mama anacheka mabega yanatikisika hata sauti haitoki. "Hebu sikiliza vizuri, si ndo yeye huyo? Miaka kumi na moja nimepumzika na mikoromo yake, leo mwaninunulia mwengine kwa laki mbili na kumi!"

Marehemu baba yetu alikua kuli bandarini, akilala anakoroma hadi jirani wa nyumba ya tatu anajua leo mzee yupo zamu ya mchana. Na kweli, nilivyotega sikio, ni yeye. Ule wa kupanda, ule wa kunyamaza kidogo mpaka unaanza kuingiwa na wasiwasi, halafu grrrr anaendelea. Tulicheka mie na mama saa saba ya usiku mpaka wifi yangu akagonga mlango kuuliza kuna nini, tukamwambia, na yeye akakaa chini akacheka.

Tangu siku hiyo hakuna alieita kipampu tena. Baba kachomolewa? Nani kampiga baba teke? Mletee baba ekstensheni. Mtoto wa kaka ana miaka minne yeye alikua anaenda kukisalimia kabisa "shkamoo babu" kabla ya kwenda skuli.

Umeme ukikatika sasa, na mnajua wenyewe umeme wetu, kipampu kinazima na vinundu vinaanza kunywea kidogo kidogo. Mara ya kwanza tulipaniki vibaya. Mama yeye "mzee kafa tena? Jamani mie nishamkalia eda miezi minne na siku kumi mara moja, ya pili sikai." Hapa niwape la maana: umeme ukikatika chomoeni ile mipira miwili upande wa pampu, ikunjeni muifunge na raba bendi, upepo unabaki ndani. La kwetu lilikua linastahimili kama saa moja na nusu kabla hajaanza kugusa chini, na hapo ndo faida ya lile godoro la kawaida lililopo chini yake. Umeme halili, nyuma kimeandikwa wati 7, LUKU haishtuki hata.

Haya turudi kwa muuzaji na uongo wake. Wiki ya kwanza tulimuamini, mama tunamgeuza pale tunapombadilisha nguo tu. Wiki ya pili wifi anamuosha anaona kwenye kifandugu pamekua peusi kuliko ngozi nyengine, panamoto, ukibonyeza pagumu. Kwa ngozi zetu usisubiri wekundu wa kwenye vitabu, tazama weusi uliozidi na upapase joto. Nesi alivyokuja alitusema, kistaarabu lakini alitusema. Godoro linapunguza, haliondoi. Kugeuza ni kila masaa mawili, usiku na mchana, godoro liwepo lisiwepo. Tena sio kulalia ubavu moja kwa moja kwenye nyonga, ni kuinama kidogo tu, mto mmoja mgongoni, mwengine katikati ya magoti, na mto mwembamba chini ya ndama ili visigino vielee hewani. Na hamumburuti. Mnamnyanyua na shuka, mmoja huku mmoja kule, bismillahi twende.

Na mengine alotufundisha siku hiyo nayaweka hapa hapa kabla sijasahau. Juu ya godoro tandika shuka MOJA jepesi, usilivute likakaza. Sie tulikua tumeweka shuka, juu yake kitenge, juu yake mpira, juu yake khanga mbili kwa sababu joto la kaskazi linamtoa jasho, kumbe tumeshaua kazi yote ya vinundu, ni sawa na kulalia meza. Ile kinobu ya pampu inaenda kwa uzito wa mgonjwa, sio kwamba ukijaza sana ndo vizuri, likiwa gumu halisaidii. Kuhakikisha unapitisha mkono chini ya vinundu pale makalio yalipo, kiganja kimetazama juu, usikie kuna upepo kati ya mkono wako na mtu, vidole viwili hivi vya unene. Ukisikia mfupa ongeza. Tulifanya hivyo kila siku asubuhi, mama akaita kumpekua.

Kile kidonda hakikufunguka alhamdulillah, wiki tatu ngozi ikarudi sawa. Lakini ingekua vingine ningemfata yule kijana na hilo godoro nimelivingirisha kwapani. Nilimpigia simu kumwambia alichonidanganya akanijibu "dada mbona wateja wengine hawalalamiki." Labda wagonjwa wao hawakupata nafasi ya kulalamika.

Basi ikawa ratiba. Kaka akaandika kwenye kadi bodi akabandika ukutani, masaa ya kugeuza na nani zamu. Mama aliita kugeuza chapati. "Njooni huku, chapati yaungua upande mmoja!" Mkichelewa anapaza sauti "nanusa moshi!" mpaka wapita njia wanatazama jikoni.

Nitasema kitu hapa ambacho kwenye riviu ya godoro hakihusu lakini kwangu ndo chenyewe. Mie wakati ule swala zangu zilikua za kukimbizana, nikikumbuka naswali nisipokumbuka basi. Na tangu Bombo watuite pembeni ilikua mbaya zaidi, nilikua nina hasira, nikiinua mikono kuomba dua naona kama naongea na mlango uliofungwa. Sikumwambia mtu. Ila ile ratiba ya kaka, kila masaa mawili, ukitazama vizuri tano kati ya zile zamu zinaangukia karibu na swala, na mama hakuniuliza umeswali, hata siku moja. Alikua anasema tu "nigeuze kwanza, kisha swali hapa hapa kwa sauti, nikufate." Sasa mtu ana saratani ya mgongo ananiambia anataka kunifata, mie ndo nimkatalie? Nikawa naswalisha mtu mmoja aliyelala. Alfajiri zile za kipampu kinakoroma na majogoo ya jirani na adhana misikiti mitatu inapishana, hasira sikuiona imetoka lini. Sijui imetoka mlango gani.

Tatizo likaja kwenye kibla. Yeye alikua na wasiwasi sana juu ya swala zake, ana mpira wa mkojo, hawezi kukaa, anajiona hana tohara. Kaka akamleta ustadhi wa msikiti wa mtaani kwetu, mzee mpole. Akamuuliza mama unasumbuliwa na nini, mama akaeleza, akamwambia utaswali kama ulivyo, akamsomea hadithi ya Imran bin Huswayn alipomuuliza Mtume (s.a.w.) akaambiwa swali kwa kusimama, usipoweza kwa kukaa, usipoweza kwa ubavu. Akaongeza kwamba huyo Imran alikua anasumbuliwa na bawasiri. Mama kwanza kanyamaza, halafu "eti bawasiri? Masahaba nao?" Akafarijika na ile bawasiri kuliko hadithi yote, wallahi.

Ubavu ulikua unamuuma kwa hiyo ustadhi akasema basi chali, kichwa kiinuliwe kwa mto uso uelekee kibla na miguu iwe upande wa kibla, aashirie kwa kichwa, rukuu kidogo sijda zaidi, na kichwa kikishindwa basi macho. Kwetu Tanga kibla ni kaskazini karibu yenyewe, Makka iko juu yetu kwenye ramani kama mstari. Tukakizungusha kitanda, watu wanne, mama juu yake anatoa amri kama nahodha. Tukamaliza tukasogea pembeni. Mama anatazama mbele. Mbele yake, miguuni, pale pale kibla kilipo, kinaning'inia nani? Kipampu.

"Ustadhi," kasema, "huyu anaekoroma mbele yangu yafaa awe imamu?"

Ustadhi alijikaza, ndevu zikawa zinatetemeka. "Hafai mama, huyu hajui kusoma."

"Basi hajabadilika sana. Marehemu naye Mola amrehemu tarawehe alikua analala kwenye rakaa ya nne."

Ustadhi alitoka nje kama anapiga chafya akakaa barazani dakika tano nzima. Aliporudi akamalizia mambo ya kutayamamu, yaani kutawadha kwa udongo, maana maji mengi kila mara yalikua yanamuumiza kwa baridi. Wifi alishaleta jiwe zuri la pwani limeoshwa linang'aa, akaambiwa sie Mashafii twataka udongo wenye vumbi, jiwe lililooshwa halina kitu. Tukamuwekea udongo mkavu kwenye sinia. Tahadhari kwa wenye godoro hili: vumbi na plastiki na jasho ni tope, futeni kila siku kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, mkaushe, msilianike juani.

Shangazi akaja kutoka Pangani, dada yake baba. Yeye hakupendezwa. Mgonjwa yupo kitandani nyumba inacheka, tena kipampu cha umeme kinaitwa jina la kaka yake! Akatuita mie na wifi uani akatusema, ati twamfanyia mgonjwa mzaha, nyumba hii yataka Qur'ani na machozi. Mama kasikia kupitia dirishani. "Wifi, Qur'ani yasomwa kila siku hapa. Machozi nayo yapo, kila mtu ana saa yake ya kwenda chooni kulia, wadhani siwasikii? Huyo Mtume twaambiwa alikua mwingi wa kutabasamu, weye wataka nikunje uso kuliko yeye?" Shangazi akanyamaza, ila hakucheka. Alikaa siku tisa. Siku ya nane mama kamuangalia kamwambia kwa upole kabisa "wifi yangu, hapa Tanga wasemaje? Waja leo waondoka leo."

Lakini shangazi ndo aliotoboa godoro, naomba hili liandikwe. Alimuinamia mama kumuaga analia, mtandio una pini, pini ikaingia kwenye kinundu. Tukasikia pssssss. Kimya. Mama kamtazama shangazi, kamtazama tena, kageuza uso ukutani. "Hata usijali wifi, safari ndefu hiyo hadi Pangani, bora ulivyoitoa hapa." Na hapo ndo shangazi alicheka, alicheka akakaa chini sakafuni na baibui lake analia anacheka haijulikani kipi ni kipi, mama anamshika kichwa.

Kuziba sasa. Tanga mji wa baiskeli, fundi yupo kila kona, kaka akamleta mmoja na kibegi chake. Fundi kauliza "tairi liko wapi?" kaonyeshwa mwanamke amelala. Masikini alivyoingia kwa adabu. Tukamhamishia mama kitanda kingine, fundi kaomba povu la sabuni, kapaka kinundu kwa kinundu, mama anamsimamia kutoka kule "hapo hapo, pametoa povu." Tundu likapatikana, kasugua, kapaka solusheni ya baiskeli, kabandika kiraka cha mpira, safi kabisa. Usiku saa tano kimebanduka. Solusheni ile ni ya mpira, hii ni plastiki ya PVC, haishikani. Viraka vyake vilikuja ndani ya boksi na gundi yake, sie tulikua tumevitia kwenye karatasi ya maelezo tukaitupia juu ya kabati. Kwa hiyo ukinunua, kitu cha kwanza tafuta kile kifuko cha viraka ukitunze. Fundi alikataa hela, kasema siku zote anaziba magurudumu leo kaziba kitanda cha mama yake.

Dawa ya maumivu ilikua mofini ya maji, kila masaa manne kwa kufata saa, sio mpaka aumwe. Chungu kama shubiri. Jirani mmoja akaja kutunong'oneza ati tunampa mama unga, atazoea. Mama kasikia (masikio yake hayakuumwa hata siku moja) akasema "na iwe hivyo, sijawahi kuona teja wa miaka sabini na moja anaelishwa uji na wakwe." Mofini inafunga choo, lazima iende na dawa ya kulainisha. Ramadhani ikaingia, yeye hafungi, tukamtolea fidia kibaba cha mchele kila siku, na alikua anahesabu mwenyewe vibaba hataki kupunjwa maskini. Sasa siku ya sita ya mwezi daktari kaja anamuuliza wifi vipi choo, wifi anajibu kafunga tangu juzi. Mama akadakia "haya! Nyie mwasema sifungi, kwa daktari mwasema nimefunga. Rudisheni mchele wangu."

Ntapita haraka miezi miwili ya mwisho, haina hadithi nyingi. Alipungua. Alitamani bada (ugali wa muhogo) na mchuzi wa samaki, tukampikia akaonja vijiko viwili. Utani ulipungua lakini haukuisha, ukawa wa neno moja moja, wa nyusi. Kinobu ya uzito tukawa tunairudisha chini kila baada ya wiki, na hilo nalo hamna anaekuambia ukinunua, kwamba utakua unapima mtu wako anavyoisha kwa kinobu. Kuanzia alama ya themanini tulifika alama ya chini kabisa.

Siku yenyewe ilikua Alhamisi baada ya alasiri. Tulijua tangu usiku, pumzi zilibadilika. Kaka anasoma Yasin, mie namlowesha midomo kwa pamba ina zamzam, ustadhi anamlakinisha shahada taratibu, mara moja tu, aliposikia kaitika akanyamaza hakumrudiarudia. Kitanda kilishakua kibla zamani, hatukua na haja ya kukizungusha. Akaenda kimya. Ustadhi akamfumba macho. Dakika kama mbili tatu hivi watu wote wameinamisha vichwa, mara wifi anapiga ukelele "anapumua! jamani mama anapumua!" Tukatazama wote, na kweli, kifua kinapanda. Polepole kinapanda, polepole kinashuka. Mie moyo ulisimama. Kaka ndo alioelewa wa kwanza. Vinundu. Zamu ilikua inabadilika, godoro linamnyanyua na kumshusha kama lilivyofanya kila dakika kumi miezi mitano.

Kaka akasogea miguuni akainama kuzima, kidole kipo kwenye swichi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kama yupo mezani, "mzee, muachie sasa." Akazima. Ule ukimya nilikua nimeusahau ulivyo. Tulicheka na ustadhi alicheka, machozi yanamiminika, na hakuna alieona vibaya, hata shangazi aliposimuliwa kwenye simu.

Hamna haja ya kuelezea mazishi. Mama aliacha wasia wa mambo mawili matatu na mojawapo ni godoro, lisiuzwe, apewe mwenye shida, "msimuuze baba yenu." Baada ya kuanua matanga tukalifuta kwa sabuni, tukalikausha kivulini, tukamuuliza nesi kama kuna mtu. Akatupeleka Makorora kwa mzee mmoja kapooza, ana mke, na binti mmoja anaemuhudumia peke yake.

Nikaenda mwenyewe kulifunga. Nikamuonyesha binti shuka moja tu, visigino hewani, kila masaa mawili usimsikilize atakaekuambia vingine, kiraka kipo safu ya tano upande wa kulia kisikushtue. Nikapitisha mkono chini ya mzee kuangalia upepo, vidole viwili, sawa. Nikawasha. Likaanza grrrr lile lile. Mzee akageuza macho kuniangalia akauliza kwa shida "nini hicho chakoroma?"

Nikamjibu bila kufikiri, "baba yangu."

Walinitazama wote watatu. Ikabidi nikae chini kwenye mkeka wao niwahadithie toka mwanzo.